“Hajapata degedege” si kinga ya ubongo

“Daktari, sukari yake hushuka, lakini hajawahi kupata degedege, kwa hiyo ubongo uko salama.” Nimeisikia kauli hii mno kliniki, na si kweli. Mtoto mchanga ambaye kongosho lake hutoa insulini kupita kiasi anaweza kunyonya vizuri na kulala fofofo, huku mashine ikisoma 45 mg/dl. Kukosekana kwa degedege hakumaanishi kwamba ubongo unashiba.

Mtoto aliyeshinda njaa huvunja mafuta yake, ini likatengeneza ketoni, na ubongo ukajishikiza nazo. Insulini iliyozidi huziba njia zote mbili: husukuma glukosi kwenye misuli na mafuta, kisha huzuia mafuta yasivunjwe. Kwa hiyo 45 ya mtoto huyu ni ya hatari kuliko 45 ya mtoto aliyekosa mlo. Tafiti nyingi hukuta takriban robo hadi nusu ya watoto wenye tatizo hili la kuzaliwa nalo wana athari za ubongo: kuchelewa kuongea, kifafa, uoni hafifu, umakini mdogo. Nyingine hazionekani hadi mtoto aanze kusoma na kuhesabu. Basi usisubiri dalili. Pima kabla ya kumlisha, hata usiku, na andika namba na saa kwenye daftari. Kwa kawaida tunataka sukari isishuke chini ya 70 mg/dl. Daftari hilo hunisaidia kuliko maelezo yoyote ya mdomo.

Je, chanzo ni mama kula sukari nyingi? Hapana. Aina ya kudumu ya tatizo hili mara nyingi hutokana na jeni, hasa ABCC8 na KCNJ11. Acheni kuwalaumu kina mama.

Diazoksaidi, dawa ya kupunguza utoaji wa insulini, kuotesha nywele mwilini? Ni kweli, na hupungua dawa ikikoma. Kuisimamisha kwa siri ndiko kunakoumiza.

Upasuaji humaliza kila kitu? Humponya karibu kila mtoto ambaye kasoro yake iko sehemu moja tu ya kongosho, sehemu hiyo ikiondolewa yote. Aliyeondolewa karibu kongosho lote anaweza kuendelea kushuka sukari, na wengi wao hupata kisukari baadaye. Baadhi huhitaji vimeng’enya ili wameng’enye chakula.

Na sukari ikishatulia, msikimbie kliniki. Mleteni tumpime makuzi, macho na usikivu wake darasani, pamoja na ripoti ya mwalimu.