Sauti ipo, picha haipo: video zinazogoma maofisini

Ukumbi wa semina Chake Chake, saa nne asubuhi, viti vimejaa. Mtoa mada kabonyeza video ya wakulima wa mwani aliyoipiga mwenyewe kwa iPhone yake. Tukasikia mawimbi, tukasikia akina mama wakitaniana huku wakifunga mbegu kwenye kamba, lakini ukutani giza tupu. Akarudia. Mawimbi yale yale, giza lile lile. Mzee mmoja wa safu ya nyuma akapaza sauti: "Yakhe, Zanzibar tuna televisheni ya rangi tangu 1973, leo mnatuwekea redio?" Ukumbi ukaangua kicheko, na mkurugenzi akageuka kunitafuta kwa macho.

Kwenye karatasi mimi ni afisa TEHAMA. Kwenye ukumbi ni "kijana wa projekta", ingawa ujana wenyewe umeshaanza kuniaga.

Wito ninaoupata ni mmoja siku zote: "Video haichezi." Maneno mawili hayo yamebeba maradhi matatu yasiyohusiana, na dawa ya moja haiyagusi mengine. Kwa hiyo kabla sijagusa kibodi nauliza: umeona nini, na umesikia nini? Kuna sauti bila picha. Kuna picha inayokatakata. Na kuna faili lisilofunguka kabisa. Anayenijibu "haichezi tu" namwomba aibonyeze tena mbele yangu.

Nianze na ile ya mwani, maana ndiyo inayonipata zaidi siku hizi.

Watu huona MP4 au MOV mwishoni mwa jina la faili wakadhani hiyo ndiyo aina ya video. Hilo ni pakacha tu. Mtu akishuka kwenye gari la Konde na pakacha mkononi, hujui mna muhogo au mna pweza mpaka alifungue. Ndani ya MP4 mna mkondo wa picha, mkondo wa sauti, na faharasa inayoonesha kila kipande kiko wapi. Mkondo wa picha umebanwa kwa kanuni maalumu ili usijaze simu, na kanuni hiyo ndiyo kodeki. Iliyoenea kuliko zote ni H.264 ya mwaka 2003, ambayo karibu kila kompyuta ya ofisini inaifahamu. Mdogo wake, H.265 au HEVC, alikuja 2013, na anaibana picha ya ubora ule ule kwa takriban nusu ya ukubwa. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone 7 na zilizofuata hurekodi kwa HEVC zisipoambiwa vingine.

Mwenye simu hajui na hana haja ya kujua, maana kwenye simu yake video inacheza kama maji. Taabu inaanza anapoihamishia kwenye kompyuta ya ofisi. Windows 10 iliyopigwa hivi hivi haina kodeki ya HEVC. Kanuni hiyo imezungukwa na hataza za makampuni mengi, na Microsoft wameamua kuiuza pembeni, dukani kwao, kwa senti 99 za dola. Bei si kitu. Lakini anayefanya kazi serikalini hebu afikirie kuandika dokezo sabili la kuomba senti 99 za dola, lipite kwa mhasibu, kisha itafutwe kadi ya benki ya kulipia mtandaoni. Mimi sijawahi kujaribu.

Sauti nayo imebanwa kwa kodeki yake, kwa kawaida AAC, ambayo Windows inaijua. Ndiyo maana akina mama tuliwasikia na hatukuwaona.

Hapa kila mtu huniuliza: "Kwani VLC si tumeiweka?" Tumeiweka programu hiyo ya kuchezea video, na ile ya mwani ilicheza vizuri ndani yake. Ila VLC ni mgeni aliyekuja na sufuria lake. Anapika, anakula, anaosha, na akiondoka hajakuachia kitu jikoni. Kodeki zake zimo ndani yake mwenyewe, na PowerPoint haziazimi. PowerPoint ikitaka kucheza video inaiuliza Windows, na Windows ikisema sijui, basi. Nimeona watu wakiifuta VLC na kuiweka upya mara tatu ili slaidi icheze. Hata mara thelathini isingesaidia.

Ukiwa na nafasi, njia safi ni kuipitisha video kwenye HandBrake, programu ya bure, na kuitoa upya kwa H.264 ndani ya MP4. Siku ile sikuwa nayo nafasi. Laptopu ya ukumbini ilikuwa kuukuu, ya prosesa yenye viini viwili, na HandBrake ingemaliza muda wa chai yote na bado ingekuwa robo. Nikamwambia mtoa mada anitumie video hiyo kwa WhatsApp, kama video ya kawaida, asiitume kama hati. WhatsApp huibana video upya kwa H.264 kabla ya kuituma, na kwa mara moja tabia yake ya kuharibu ubora ikatufaa. Nikaipokea kwenye laptopu, nikaiingiza kwenye slaidi, akina mama wakatokea ukutani na kanga zao na maji ya magotini.

Bila sauti.

"Sasa sinema bubu," mzee akasema, na haki yake. Nilikuwa nimechomoa waya wa HDMI na kuurudisha, na HDMI hubeba picha pamoja na sauti, kwa hiyo Windows ikaipeleka sauti kwenye kispika cha projekta kilicho kidogo kama kifuniko cha soda. Bonyeza alama ya spika chini kulia, chagua kifaa kilichounganishwa na spika za ukumbi. Sekunde tano, lakini mbele ya watu themanini ni ndefu.

Mwenye iPhone anaweza kuniepusha na haya yote: aingie Settings, Camera, Formats, achague "Most Compatible". Kuanzia hapo video mpya zinatoka kwa H.264. Za zamani zinabaki zilivyo, na simu itakula nafasi zaidi.

Ukitaka kujua pakacha lina nini bila kubahatisha, weka MediaInfo. Inakusomea: picha ni HEVC au AVC (ndiyo H.264 hiyo hiyo kwa jina jingine), sauti ni nini, ukubwa wa picha ni upi. Kuna wakati utakuta vilivyomo ni vizuri na kosa ni la pakacha, kwa mfano H.264 na AAC ndani ya MKV ambayo PowerPoint yako inaikataa. Hapo hakuna haja ya kupika upya. Hamisha tu, kwa amri hii ya programu iitwayo FFmpeg:

ffmpeg -i mkutano.mkv -c copy mkutano.mp4

Ile "copy" inaiambia FFmpeg isiguse chakula, ibadilishe chombo. Faili la saa nzima linakwisha kabla hujafika kwenye birika la chai.

Maradhi ya pili, picha inayokatakata. Ofisi moja Unguja waliniita wakisema kompyuta yao "imezeeka", kila video inaruka kama panzi, wanataka ibadilishwe. Nikauliza: imefanyiwa nini karibuni? Ilikuwa imepigwa window wiki iliyopita na fundi wa mtaani. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, nikafungua upande wa Performance huku video ikicheza. Prosesa asilimia mia, na GPU, yaani chipu ya picha, haimo kabisa kwenye orodha. Kwenye Device Manager, mahala pa jina la kadi ya picha, paliandikwa "Microsoft Basic Display Adapter". Maana yake fundi aliweka Windows na hakuweka draiva, programu ndogo inayoifanya Windows iitambue kadi hiyo. Chipu ya kufungulia video imo ndani ya mashine, haina mtu wa kuiamsha, na kazi yote imemwangukia prosesa. Nikashusha draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, nikaizima na kuiwasha, na ile iliyokuwa ya kutupwa ikacheza bila kikwazo.

Wakati mwingine lakini kweli imezeeka. Angalia namba ya prosesa ya Intel: kwenye Core i5-4570 tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi, yaani cha nne. Msaada kamili wa HEVC ndani ya chipu ulianza kizazi cha sita, mwaka 2015, na ile HEVC ya biti 10 kizazi cha saba. Chini ya hapo VLC itaifungua video ya 4K, lakini prosesa ataibeba kichwani, na picha itakuwa inamkimbiza. Ibane kwa H.264 ya 1080p, itoshe. Video za YouTube zinazokatakata kwenye mashine hizo hizo mara nyingi zina sababu hiyo hiyo. Shusha ubora hadi 480p kabla ya kuilaumu intaneti. Na jamani, msicheze video kubwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Inakilini kwanza.

Jambo moja linanitia hasira. Windows ikisema kodeki inakosekana, mtu anaitafuta Google na kubonyeza cha kwanza anachokiona, na chenyewe kina kitufe kikubwa cha kijani. Mtego huu una umri. Mnamo 2005 ilionekana Trojani (programu hasidi inayojifanya njema) iitwayo Zlob iliyojivika joho la kodeki: unaambiwa huwezi kuona video mpaka uweke hiki, unaweka, umekwisha. Bibi mmoja wa masjala, mtu makini asiyepoteza jalada hata moja, alinasa hivyo hivyo kwa video ya harusi ya mwanawe. Nilikesha naye. Usishushe kodeki yoyote kutoka tovuti usiyoijua. Nenda videolan.org uchukue VLC, basi.

Limebaki faili lisilofunguka kabisa, na hili kwetu lina uhusiano na umeme. Pemba tangu 2010 tunapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na mambo ni bora kuliko enzi za majenereta ya dizeli ya Wesha, lakini bado unakatika. Mkutano mmoja ulirekodiwa kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), kwa MP4. Saa mbili na nusu za maneno, umeme ukakatika mwishoni mwishoni. Faili lipo, kubwa, gigabaiti mbili na ushei, na hakuna programu inayolifungua, hata VLC.

Tatizo ni ile faharasa. Programu nyingi za kurekodi MP4 huandika faharasa mwisho, mtu anapobonyeza kusimamisha. Umeme ukikatika kabla, picha zote zimo ndani ya diski, ila hakuna anayejua ipi inaanza wapi. Ni kama jalada lililomwagika sakafuni bila namba za kurasa. Tangu siku hiyo tunarekodi kwa MKV, ambayo haihitaji faharasa ya mwisho ili ifunguke, kisha tunahamishia MP4 kwa amri ile ya juu.

Faili lenyewe nililiokoa kwa programu ndogo iitwayo untrunc. Unaipa video nzima iliyorekodiwa kwa mashine ile ile na mipangilio ile ile, inajifunza mpangilio wake, kisha inaijenga upya faharasa ya ile iliyovunjika. Nilirekodi dakika moja ya ukuta mtupu iwe ndiyo mfano. Mkutano ukarudi wote isipokuwa kipande cha mwisho ambacho hakikuwahi kufika kwenye diski, na kipande hicho ndicho kilichokuwa na neno la shukrani la mwenyekiti. Kila tukikutana ananiuliza kama nimelipata.