Mbona ndege za gwaride zinapita juu ya mtaa wako?

Siku chache kabla ya sherehe za kitaifa kama Jamhuri, wakazi wa Nairobi huanza kuuliza mbona ndege za kijeshi zinapita chini chini. Hayo ni mazoezi ya gwaride la angani. Swali hilo nalichukulia kwa uzito, hasa likitoka kwa wazee waliokuwa jijini Agosti 1, 1982, siku ya jaribio la mapinduzi la wanajeshi wa anga. Mngurumo wa ghafla unaweza kuwarudishia hofu ya siku ile, na kwa maoni yangu ratiba ya mazoezi inafaa kutangazwa redioni mapema, kila mara.

Mazoezi yenyewe hayakwepeki. Ndege inayokwenda kilomita 460 kwa saa hukata karibu mita 128 kila sekunde. Rubani akichelewa sekunde 10, amelikosa jukwaa kuu kwa zaidi ya kilomita moja. Tena hotuba hazifuati saa, kwa hiyo ndege husubiri zikizunguka mbali na uwanja hadi ofisa aliye chini awaite marubani kwa redio. Kuzunguka huko kunataka nafasi: kwa kasi hiyo, ndege ikilala ubavu kwa nyuzi 30, duara lake huwa na upana wa takriban kilomita 6. Nairobi nayo iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mabawa yanahitaji kasi kubwa kuliko yangehitaji Mombasa ili kubeba uzito uleule. Kasi ikipanda, duara hupanuka. Ndiyo sababu zinaweza kupita juu ya mitaa iliyo mbali kabisa na sherehe.

Kanuni za kimataifa zinataka ndege ipite angalau mita 300 juu ya kizuizi kirefu zaidi kilicho karibu inapokuwa juu ya mji, isipokuwa inapopaa, inapotua au kwa kibali maalumu.

Kinachonitia hofu zaidi ni vitu vingine vilivyo angani. Korongo wakubwa wanaokaa kwenye miti ya karibu na Uwanja wa Nyayo hufuata taka tunazotupa ovyo, na mmoja tu akiingia kwenye injini anaweza kuiharibu. Droni ni mbaya zaidi: ni ndogo, ina betri na vyuma, na rubani haioni hadi amechelewa. Sheria inataka uwe na idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Siku za mazoezi na za sherehe, usiirushe hata juu ya paa lako mwenyewe. Ukiona jirani anairusha, mwombe aishushe. Akikataa, piga ripoti kituo cha polisi kilicho karibu.