Ramadhani Imekwisha, Umeacha Pombe au Unga: Sasa Utakaa na Nani?

Kila Mfungo Mosi malalamiko ni yale yale, kuanzia Kisauni hadi Likoni, hapa Mombasa: kijana alikaa mwezi mzima bila kutumia, Idi ikapita, akarudi maskani kwa watumiaji wenzake. Tuseme wazi kwamba mwezi wa kufunga, pamoja na baraka zake, si matibabu ya uraibu. Kwa aliyekuwa akitumia unga, yaani heroini, hatari ndiyo imezidi, maana mwili umeshaacha kuuzoea. Kiasi alichokimudu Shaabani kinaweza kumkata pumzi leo. Mkimkuta anakoroma, haamki na midomo imebadilika rangi, mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali. Msimmwagie maji wala kumpa maziwa.

Anayeacha anahitaji watu. Vikundi vya Alcoholics Anonymous, vya wanaosaidiana kuacha pombe, vilivyoanzia Marekani mwaka 1935, na vile vya Narcotics Anonymous, vya wanaoacha dawa za kulevya, havitozi ada wala havidai jina kamili. Sharti ni nia ya kuacha, basi. Kikao cha wazi hata mama au mke huingia, cha ndani ni cha wanaoacha peke yao. Usikate shauri kwa kikao kimoja. Jaribu kama sita, vikundi tofauti, na uondoke na namba za watu watatu. Wapigie siku ambayo huna neno, kwa sababu usiku wa hamu ni vigumu kumpigia mtu usiyemzoea. Mlezi wako, yaani mwenzako wa kikundi anayekushika mkono, awe wa jinsia yako, aliyekaa angalau mwaka bila kutumia. Ukikosa pa kuanzia, piga 1192, namba ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, bila malipo, usiku na mchana.

Tunaambiwa kila siku kuwa methadoni, dawa wanayopewa kliniki wanaoacha unga, ni unga kwa jina jingine. Sivyo, na tunaomba maneno hayo yakome. Hunywewa kila siku mbele ya mhudumu ili arosto, yale maumivu ya kukosa unga, isimpate mtu akarudi mtaani. Aliyekosa siku tatu mfululizo asidai kipimo chake cha zamani. Lazima kipangwe upya kliniki, kwa usalama wake. Kikundi kikikukataa kwa ajili ya methadoni, tafuta kingine.

Mnywaji wa kila siku naye asifungiwe chumbani aache ghafla. Degedege huweza kumjia ndani ya siku mbili za kwanza. Apelekwe hospitali kwanza, kikundi kitafuata.

Linalotusikitisha zaidi ni picha za watu wakiwa na arosto kurushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, eti waombewe. Habari za afya ya mtu ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Kituo au mshauri anayezitoa bila idhini anaweza kushtakiwa, na adhabu ya jumla ni faini isiyozidi shilingi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Hifadhi picha ya skrini yenye tarehe, namba iliyotuma na jina la grupu, kisha upeleke lalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, kwa maandishi au kwa mdomo. Sheria inataka limalizwe ndani ya siku 90.

Na nyinyi wa nyumbani, angalieni saa za baina ya alasiri na isha, ndizo alizozoea kuwa kijiweni. Mtafutieni shughuli saa hizo na njia nyingine ya kwenda stejini. Akitaka kurudi kule kusalimia tu, asiende peke yake.