Pikipiki ya maadhimisho usiipige rangi

Juzi kijana mmoja aliniletea hapa Mwanjelwa, Mbeya, pikipiki ya Yamaha XSR900 ya njano, yenye mistari ya vipande vyeusi ubavuni. Alinisalimia, nikaitikia, kisha akaenda moja kwa moja kwenye shida yake: "Fundi, njano imefifia na tangi limechubuka. Nataka tuipige nyeusi yote, ing'ae."

Nilivuta benchi tukakaa. Kampuni ya Yamaha Motor ilianzishwa 1955, na ilipotimiza miaka 60 ilitoa baadhi ya pikipiki zake katika rangi hiyo. Ni rangi ya Yamaha za mashindano kule Marekani, ile aliyotamba nayo Kenny Roberts, bingwa wa dunia wa 500cc mwaka 1978, 1979 na 1980. Injini ya pikipiki ya kijana huyu ni ileile ya XSR900 nyingine yoyote. Ukiondoa ile njano umebaki na XSR900 ya kawaida iliyopigwa rangi mtaani.

Hili ndilo ninalowaambia wote wanaoanza kukusanya matoleo ya maadhimisho. Mara nyingi kiwanda hakibadilishi chuma. Kinabadilisha rangi, nembo, siti, pengine kinaongeza kibao chenye namba. Kwa hiyo kile ambacho sisi mafundi tumezoea kukitengeneza bila kufikiri mara mbili ndicho mwenye pikipiki alichokilipia.

Nayasema haya kwa uchungu. Nina Harley-Davidson Sportster 883 ya 2003, ya miaka 100 ya kampuni, niliyouziwa na mgeni aliyemaliza mkataba wake hapa Mbeya. Ilikuja na rangi ya fedha na nyeusi, ile ya maadhimisho. Naipenda pia kwa sababu ya fremu yake: huo ulikuwa mwaka wa mwisho injini ya Sportster kufungwa kwenye fremu moja kwa moja bila mipira, kwa hiyo ukisimama injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma taratibu bila kuvutwa mafuta, unausikia mtetemo mpaka kwenye meno. Mvua za Machi, nikirudi kutoka Tukuyu, niliteleza kwenye tope lililomwagwa barabarani na malori. Tangi lilibonyea sehemu ndogo, kama sarafu. Nikampelekea fundi rangi nikimwomba anyooshe pale tu. Nilipoifuata, tangi zima lilikuwa limepigwa msasa hadi bati, limepakwa rangi mpya, na nembo za miaka 100 hazijulikani zilipo. Kazi yake ilikuwa safi, na nilimlipa. Lakini tangi la kiwandani halipo tena.

Kabla ya kununua, basi, usidanganywe na stika. Stika za "toleo maalumu" zinauzwa hata kwenye vibanda vya spea za bodaboda. Fungua siti, chungulia chini yake. Angalia kwenye mdomo wa tangi na nyuma ya nyaya: rangi ya mtaani huacha ukungu kwenye mpira na kwenye vichwa vya bolti. Kisha soma namba ya chesisi. Kwa Harley za soko la Marekani ina herufi na tarakimu 17, na ya kumi inaonyesha mwaka wa modeli. Ya 2003 ni 3. Usishtuke kadi ikisema imetengenezwa 2002, kwani modeli za mwaka unaofuata huanza kuundwa katikati ya mwaka.

Maadhimisho pia hayamaanishi uchache. Harley zote za modeli ya 2003 zilibeba alama za miaka 100, kwa hiyo ziko nyingi duniani. Royal Enfield, kampuni ya 1901, ilipofikisha miaka 120 mwaka 2021 ilitoa 480 tu, mchanganyiko wa Interceptor na Continental GT, kwa dunia nzima. Mtu akikutajia bei kubwa, muulize zilitengenezwa ngapi.

Kuitunza huku Nyanda za Juu kuna mambo yake. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa ni pungufu karibu kwa moja ya tano, kwa hiyo kabureta iliyosetiwa Dar hunywesha injini mafuta kupita kiasi. Toa plagi, ukiikuta nyeusi ya masizi, weka jeti (kile kitundu cha kabureta kinachopitisha mafuta) ndogo zaidi. Juni na Julai, kama pikipiki imelala, jaza tangi mpaka juu, maana tangi tupu hutoa jasho ndani usiku wa baridi na kutu huanzia hapo. Ifunike kwa shuka la pamba. Turubai la nailoni hufungia unyevu.

Na tafadhali, isikae stoo moja na mbolea. Najua wengi tuna shamba na stoo ni moja. Vumbi la mbolea huvuta maji na kula kromu, na nimeziona eksozi zilizoharibika hivyo msimu mmoja tu. Mahindi nayo huleta panya, na panya hula nyaya.

Yule kijana tulikubaliana nisafishe tangi na kulipaka nta, mikwaruzo ibaki. Mimi bado natafuta tangi la Sportster 883 ya 2003, la fedha na nyeusi, lenye nembo zake. Hata likiwa limebonyea, nitalichukua.