Je, Wajua Kwa Nini Redio za Muziki Hurudia Nyimbo Zile Zile?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kituo cha redio kinachopiga wimbo mmoja mara nane au kumi kwa siku hufanya hivyo kwa moja ya sababu tatu: kina santuri chache, watangazaji wake ni wavivu, au kuna mtu aliyepewa bahasha. Imani hiyo ilikuwa na raha yake, kwa kuwa ilinifanya nijione mwerevu kuliko kituo chenyewe. Mbili za kwanza huanguka zikiguswa tu. Kampuni za muziki zilikuwa zikipeleka santuri bure kwenye vituo kwa mafurushi, na kufuata orodha fupi kwa nidhamu, saa baada ya saa, ni kazi kubwa kuliko kupiga chochote kilicho karibu na mkono. Sababu ya tatu inahitaji subira zaidi, maana nusu yake ni kweli.

Mwaka 1959 na 1960 Bunge la Marekani lilichunguza malipo ya siri waliyopewa watangazaji ili wapige nyimbo fulani, rushwa iliyojulikana kwa jina la payola. Alan Freed, mtangazaji aliyechangia sana kulieneza jina la muziki wa rock and roll, alikiri makosa mwaka 1962 na kutozwa faini ya dola 300. Sheria ya mawasiliano ya nchi hiyo ilikuwa imekwisha kurekebishwa mwaka 1960, na inafaa kuitazama kwa makini: haikukataza kituo kulipwa ili kipige wimbo, bali ilikataza malipo hayo kufichwa wasikilizaji. Tatizo la kuielezea tabia ya kurudia nyimbo kwa rushwa ni mpangilio wa matukio, kwani orodha fupi zilianza kushika kasi mapema katika miaka ya 1950, kabla ya kashfa hiyo kulipuka. Zaidi ya hayo, rushwa hueleza ni wimbo gani uliopenya katika orodha, lakini haielezi kwa nini orodha yenyewe ni fupi. Kwa maoni yangu, kamba hiyo huvutwa kutoka upande usio wake. Hongo za kuutangaza wimbo zilikuwapo hata kabla ya redio, lakini ufupi wa orodha ndio uliozipandisha thamani, kwa kuwa hakuna anayelipa fedha nyingi ili wimbo wake uwe mmoja kati ya elfu tano.

Mwanzo wa tabia hiyo hutajwa mara nyingi kuwa kituo kidogo cha redio ya kibiashara mjini Omaha, katika jimbo la Nebraska, Marekani. Kituo hicho, KOWH, kilikuwa mali ya gazeti la mji huo hadi mwaka 1949, kiliponunuliwa kwa dola 75,000 na Todd Storz, kijana wa miaka 25, pamoja na baba yake, aliyetoka katika familia ya watengenezaji wa bia. Kilikuwa na nguvu ya wati 500 tu na kililazimika kuzima mitambo jua lilipotua, kwa sababu usiku mawimbi ya masafa ya kati husafiri mbali na yangekivuruga kituo kikubwa cha New York kilichotumia masafa hayo hayo ya kilohezi 660. Wakati huo televisheni ilikuwa ikizinyang'anya redio michezo ya kuigiza na wachekeshaji. Storz aliacha vipindi vya namna hiyo, akaweka muziki uliokuwa ukitamba, habari fupi na mashindano ya zawadi, na ndani ya miaka michache kituo hicho kikawa cha kwanza mjini kwa wingi wa wasikilizaji.

Wazo hilo lilitoka wapi? Simulizi maarufu husema kwamba Storz na msaidizi wake, Bill Stewart, walikaa katika baa moja wakiangalia wateja wakitumbukiza sarafu katika mashine ya santuri na kuchagua wimbo ule ule usiku kucha, na kwamba baa ilipokaribia kufungwa, mhudumu, ambaye angetarajiwa kuwa ameuchoka kuliko wote, alitoa sarafu yake mwenyewe akaupiga tena. Ni kisa kizuri mno, na visa vizuri mno hustahili kutiliwa shaka. Storz mwenyewe, alipohojiwa mwaka 1957, alisema aliligundua jambo hilo alipokuwa jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akiwaangalia wateja na wahudumu wa migahawa. Hata idadi ya nyimbo 40, ambayo baadaye ilitoa jina la mtindo wenyewe, Top 40, huelezwa kwa njia mbili. Wapo wanaosema kwamba ndiyo idadi ya santuri zilizokaa katika mashine, ingawa kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 kampuni ya Seeburg ilikuwa tayari ikiuza mashine yenye nyimbo 100. Wengine husema kwamba WTIX, kituo ambacho Storz alikinunua New Orleans mwaka 1953, kilitaka tu kumpita mshindani aliyekuwa na kipindi cha nyimbo 20. Maelezo haya ya pili yananishawishi zaidi, labda kwa sababu hayana ushairi wowote.

Mhudumu yule, awe wa kweli au wa hadithi, hata hivyo anaficha jambo muhimu, nalo ni kwamba msikilizaji wa redio hakai baani usiku kucha. Hufungua, husikiliza kidogo, kisha huondoka. Kituo cha redio kwa hiyo hakifanani na mkeka ambao watu huuketia tangu mwanzo wa hadithi hadi mwisho. Hufanana zaidi na gurudumu linalozunguka mbele ya dirisha dogo: ndani ya kituo wanaliona gurudumu zima, lakini mpita njia huona kipande kimoja tu na kwenda zake.

Tuchukue mfano wa kituo kinachotangaza usiku na mchana, chenye nyimbo sita zinazopendwa kuliko zote, na kinachopiga mmoja wao kila baada ya dakika 20, huku nafasi zinazobaki zikijazwa na nyimbo nyingine. Nafasi hizo ni 72 kwa siku. Kwa kuwa 72 hugawanyika kwa sita bila baki, anayefungua redio saa mbili asubuhi kila siku, kwa dakika 20, atausikia wimbo ule ule Jumatatu, Jumanne na kuendelea, huku nyingine tano asizisikie kamwe. Atalalamika kwamba kituo kina wimbo mmoja, na kwa upande wake atakuwa amesema kweli.

Ongeza wimbo mmoja tu. Ukigawanya 72 kwa saba hubaki mbili, hivyo kila asubuhi gurudumu huwa limesogea hatua mbili. Jumatatu husikika wimbo wa kwanza, Jumanne wa tatu, Jumatano wa tano, Alhamisi wa saba na Ijumaa wa pili. Malalamiko yanakwisha, ingawa kila wimbo bado hupigwa zaidi ya mara kumi kwa siku. Nyimbo nane au tisa huurudisha ubaya ule ule wa sita. Saba nayo ina kasoro yake ya kuchekesha: kwa kuwa wiki ina siku saba, wimbo wa kwanza hurudi kila Jumatatu saa mbili, na huenda ukachukiwa kwa kosa la Jumatatu. Nyimbo tano au 11 hukwepa mtego huo pia.

Kazi hii ya kuzungusha nyimbo ilifanywa kwa kadi zilizopangwa katika kasha: mtangazaji alichukua ya mbele, akapiga wimbo, kisha akairudisha nyuma. Tangu mwaka 1979 ilianza kuhamia katika programu ya kompyuta iitwayo Selector. Katika hesabu zote hizi, mtangazaji mwenye zamu ya muda wa saa nne ana nafasi 12 za kujaza kwa nyimbo saba, hivyo tano kati yake atazisikia mara mbili kabla hajatoka studio, na kesho atarudi kwenye gurudumu lile lile.