Huduma Namba, 666 na kile tulichopaswa kukiogopa kweli

Babu yangu aliniachia kikasha cha bati kisichozidi kiganja, chenye matundu mawili ya kupitishia kamba. Mimi nilimkuta akiwekea ugoro. Zamani kilibeba kipande, karatasi ya utambulisho ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kuibeba, na kilining'inia shingoni mwake mchana kutwa kama kengele ya mbuzi. Wakikuyu wakakiita hivyo hivyo, mbugi, kengele ya mbuzi. Kwa hiyo ninaposema sipendi serikali itie mkono katika kila kona ya nyumba yangu, fikra hiyo sikuiokota mitandaoni. Nimeirithi pamoja na kikasha.

Mimi ni mtu wa ibada. Naamini mzazi ndiye mwenye neno la kwanza juu ya mtoto wake, na kwamba ofisa wa serikali akija kwangu abishe hodi kama mgeni mwingine yeyote. Wenzangu wenye mawazo kama haya ndio walioiogopa sana Huduma Namba, namba ya utambulisho ambayo serikali ya Kenya ilianza kuwasajilia watu mwaka 2019. Baadhi yao tunakaa benchi moja kanisani. Hofu yao naiheshimu, lakini mengi tuliyoambizana wakati ule hayakuwa kweli, na yalitugharimu. Tulikodolea macho kivuli ilhali kitu chenyewe kimeandikwa kwenye sheria, wazi, kwa yeyote mwenye subira ya kuisoma.

Dhana: Huduma Namba ndiyo chapa ya mnyama

Hii ndiyo iliyosambaa kuliko zote. Ilipita WhatsApp, ikapita mimbarani, ikafika sokoni. Namba itakuwa 666, watu watatiwa chipu mkononi, asiye nayo hatanunua wala kuuza.

Ufunuo sura ya 13 unazungumza juu ya chapa katika mkono wa kuume au kipaji cha uso, na inakwenda pamoja na kumsujudu mnyama. Huduma Namba ilikuwa namba ndani ya kanzidata, na baadaye kadi ya kutia mfukoni. Hakuna aliyedungwa kitu. Nilikwenda mwenyewe kwa chifu, nikapanga foleni. Kijana wa usajili alikuwa na fomu, kamera na kimashine cha kuchukua alama za vidole. Basi.

Lakini pale kwenye foleni niliona jambo ambalo sijalisahau. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja, mkulima maisha yake yote. Akaweka kidole, mashine ikakataa. Kijana akakipangusa kwa kitambaa, akajaribu kingine, na kingine, hadi vidole vyote kumi vikaisha. Miaka ya jembe ilikuwa imesugua ngozi mpaka mistari imefutika. "Mwanangu, mikono hii imechoka," bibi akasema. Nyuma yangu mtu akanong'ona kuwa ni Mungu amemkinga mja wake.

Mimi nilijiuliza swali jingine. Siku dawa au pensheni ya wazee itakapofungwa nyuma ya kimashine kile, bibi huyu atafungua mlango kwa kidole gani? Hilo ndilo swali ambalo watu wa dini tungepaswa kulipigia kelele, maana wajane na wazee ni jukumu letu. Hatukuliuliza. Tulikuwa tunahesabu sita ngapi zimo ndani ya namba.

Dhana: kilichokuwa kibaya kilifichwa, hakuna aliyejua

Hakikufichwa sana. Kilichomekwa. Mwishoni mwa 2018 Bunge lilipitisha mswada mmoja uliorekebisha sheria nyingi kwa mkupuo, na ndani yake, katika marekebisho ya Sheria ya Usajili wa Watu, ukaundwa mfumo mpya wa taifa wa kuhifadhi utambulisho, NIIMS, ndio uliotoa Huduma Namba. Sheria ikaorodhesha sehemu za mwili zinazoweza kuchukuliwa kama alama: alama za vidole, umbo la kiganja, umbo la ndewe ya sikio, mboni na retina ya jicho, mawimbi ya sauti, na DNA. Ikaongeza mahali unapoishi kwa vipimo vya GPS.

Soma tena orodha hiyo polepole. DNA si yako peke yako. Ni ya mama yako, ya ndugu zako, ya watoto ambao hawajazaliwa. Ukiitoa, umewatoa na wao bila kuwauliza. Kwa mtu anayeamini kwamba familia ilitangulia dola, sijui kama kuna kifungu kizito zaidi kilichowahi kuandikwa katika sheria za Kenya. Wakati huo nchi haikuwa hata na sheria ya kulinda data; ilikuja Novemba 2019, watu zaidi ya milioni 36 wakiwa wameshasajiliwa.

Kimashine cha kwa chifu hakikuchukua DNA, ni kweli. Lakini ruhusa ilikuwa imeandikwa, na ruhusa iliyoandikwa humngoja tu mtu wa kuitumia.

Dhana: ilikuwa lazima kujisajili, la sivyo unanyimwa huduma

Hapa wananchi siwalaumu, kwa sababu vitisho vilitoka kwa maofisa wenyewe. Ukweli ni kwamba tarehe 1 Aprili 2019, siku moja kabla Rais Uhuru Kenyatta hajazindua usajili nchini kote, Mahakama Kuu ilitoa amri: usajili uendelee, lakini usiwe wa lazima, usiwekewe makataa, mtu asinyimwe huduma kwa kutojisajili, na DNA na GPS zisichukuliwe. Amri ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Wengi wetu tulipanga foleni kwa woga bila kuijua.

Dhana: waliokwenda mahakamani ni wanaharakati wanaolipwa na wageni

Hili linaniuma, kwa kuwa lilisemwa sana na watu wa upande wangu.

Kesi ile ilifunguliwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, Tume ya Haki za Binadamu Kenya, ambayo ni shirika lisilo la serikali, na Nubian Rights Forum, shirika la Wanubi. Wanubi ni wazao wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza, wakakaa Kibra, Nairobi, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Waislamu, watu wa mila, wanaozika, kuoza na kulea kwa desturi za wazee wao. Ukitafuta jamii ya wahafidhina Nairobi, anza hapo.

Na walijua wanachokiogopa. Kijana Mnubi akitimiza miaka 18 hakupewa kitambulisho kama kijana wa kwetu. Alipigwa msasa mbele ya kamati: babu yako nani, alizaliwa wapi, lete hati zake. Wasomali na Waislamu wengi wa Pwani waliyajua maswali hayo. Sasa mfumo mpya ulidai hati za kitambulisho ili upewe namba, na namba ndiyo ingekuwa ufunguo wa huduma zote. Anayekosa cha kwanza angekosa vyote.

Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu, Pauline Nyamweya, Mumbi Ngugi na Weldon Korir, waliamua kwamba kukusanya DNA na GPS ni kinyume cha Katiba, na kwamba mfumo usiendelee mpaka ziwekwe kanuni kamili za kuusimamia. Wanubi hawakupata kila walichoomba. Lakini DNA ya mwanangu haimo serikalini kwa sababu ya watu wa Kibra, na sikumbuki ibada hata moja ambayo tuliwashukuru.

Dhana: asiye na la kuficha hana la kuogopa

Hii husemwa na upande wa pili, wa wanaoiamini serikali kupita kiasi, na imevaa sura ya busara.

Nendeni Garissa. Miaka ya 1990 na baadaye, ukame ulipokaza, baadhi ya familia za Wakenya ziliingia kambi za Dadaab kujiandikisha kama wakimbizi ili watoto wapate unga na matibabu. Mtoto akabonyeza kidole, akapewa chakula. Miaka ikapita. Akatimiza 18, akaenda kuomba kitambulisho cha nchi yake, kompyuta ikasema: wewe ni mkimbizi. Hao ni makumi ya maelfu. Bila kitambulisho husajili laini ya simu, hupigi kura, ajira rasmi huipati, na kwenye kizuizi cha polisi unateremshwa basini. Hawakuwa na la kuficha. Walikuwa na njaa, na kidole kikakumbukwa.

Babu naye hakuwa na la kuficha. Sheria ya kipande ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara. Kuonekana bila hiyo ni kosa la jinai. Aliyetoroka kibarua cha mateso alisakwa kwa karatasi hiyo hiyo. Ilipobadilishwa mwaka 1947 kwa sheria ya kusajili watu wa rangi zote, babu alikwisha kuzoea kushika shingo yake kila anapomwona askari. Alifanya hivyo hadi uzeeni, na kikasha kikiwa na ugoro tu.

Dhana: basi kila usajili ni uonevu, tukatae wote

Hapana. Waulize Wamakonde wa Kwale, walioishi Kenya tangu enzi za mashamba ya mkonge bila karatasi yoyote, hata wakatembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 kumwomba Rais awatambue. Hawakutaka serikali iwaache. Walitaka iwaandike. Hati ya kuzaliwa na kitambulisho ni haki ya raia, na Katiba inasema hivyo katika kifungu cha 12. Kinachopaswa kupingwa ni kuchukuliwa zaidi ya kinachohitajika, bila mpaka na bila mahali pa kulalamika.

Dhana: hatari ni serikali peke yake

Mwaka 2023 maelfu ya watu walipanga foleni katika jumba la KICC Nairobi ili kampuni ya Worldcoin ipige picha mboni za macho yao, kwa malipo ya sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Bila shaka walikuwemo walioikimbia Huduma Namba. Serikali iliisimamisha kazi hiyo Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Mboni ni mboni, awe anayeipiga picha ana nembo ya taifa au hana.

Dhana: Huduma Namba imekufa, tulale

Ni kweli kwamba tarehe 14 Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah alibatilisha utoaji wa kadi zile, kwa kuwa serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa data za watu kama Sheria ya Kulinda Data inavyotaka. Lakini mwaka 2023 ikaja Maisha Namba, namba anayopewa mtoto anapozaliwa na kukaa nayo hadi kifo, pamoja na kadi yenye chipu. Chipu imo kwenye kadi, tusirudi kule. Mahakama imeisimamisha zaidi ya mara moja na kuiachia tena.

Upigaji msasa nao Rais Ruto alitangaza Wajir, Februari 2025, kuwa umekwisha kwa kaunti za mpakani. Tangazo ni jambo jema. Nitaamini zaidi nitakaposikia vijana wa Kibra na Garissa wakisema wamepata vitambulisho kwa muda ule ule tunaopata sisi.

Sheria ya Kulinda Data, kifungu cha 26, inakupa haki ya kujua data zako zinatumiwaje, kuziona, kupinga zisitumiwe, na kudai zisahihishwe au zifutwe zikiwa za uongo. Ukiona umedhulumiwa unapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Kwa hiyo niliandika barua, ukurasa mmoja, nikauliza ofisi inayohusika ina nini changu na imempa nani. Karani aliisoma mara mbili, akaniuliza kama mimi ni wakili, nikamwambia ni mzazi. Akagonga muhuri kwenye nakala yangu. Majibu bado. Nakala nimeikunja mara nne, ikaingia sawasawa ndani ya kikasha cha babu.