Mama mboga anajua hesabu, jamani

Juzi tena, kwenye mkutano wa kundi la wakopaji Kawangware, Nairobi, afisa wa mikopo alininong'oneza: "Mwalimu, wafundishe hawa kuandika vitabu vya hesabu, marejesho yatakaa sawa." Nikamwambia amuulize mama aliyekaa mbele kreti ya nyanya aliyoitoa soko la Marikiti alfajiri ilimgharimu ngapi, ngapi zilioza, na auze fungu kwa ngapi ndipo asile hasara. Alijibiwa kabla hajamaliza swali, nauli ya mkokoteni ikiwemo.

Kuna utafiti wa Jamhuri ya Dominika, ulichapishwa 2014. Wakopaji waliofundishwa uhasibu kamili hawakubadilika sana. Waliopewa kanuni chache nyepesi ndio waliosimamia pesa vizuri zaidi. Kanuni kuu: pesa ya biashara isilale na ya nyumbani. Mimi kufundisha daftari niliacha zamani.

Ila hapo kwenye kutenganisha ndipo wenzangu wananikera. Eti anayechanganya hana nidhamu! Mtoto akifukuzwa shule kwa sababu ya karo, mtaji ndio akiba pekee iliyopo. Pochi la Biashara, ile sehemu ya M-Pesa ya kuweka pesa ya biashara kwenye simu, linatenganisha vizuri sana mchana. Saa nne usiku homa ikimpanda mtoto, kuhamisha ni kubonyeza tu. Asiyechota usiku huo mara nyingi si mwenye nidhamu, ni mwenye mume wa mshahara.

Kwa hiyo nasema: jilipe. Chagua kiasi, tuseme shilingi 300 kwa siku, kitoke kama mshahara wa kibarua. Ukizidisha, umejikopesha, una deni. Na msiwaambie waache chama, kile kikundi cha kuchangiana akiba! Pesa iliyo kwa chama shemeji haiombi, kwa maana haipo. Iliyo kwenye pochi anaiona usoni mwako.

Hiyo 300 inapitaje siku ya mvua, soko likiwa tope? Sijui. Wengine nawaambia washuke hadi 100, na wananitazama kwa huruma. Tena kuhudhuria darasa langu ni sharti la mkopo, kwa hiyo sijui nani amekuja kujifunza na nani amekuja kutia sahihi. Waliofaulu huenda wangefaulu bila mimi.

Mama wa nyanya akaniuliza, "Na wewe mwalimu, unatenganisha?" Kundi zima likacheka. Nikatafuta kalamu yangu mezani. Karo ya muhula huu niliilipa kwa pesa ya kuchapisha vitini.